Gauni Lenye Sura Nne

Wifi yangu simpendi sana. Nalisema mapema ili mtu asije akanigeuzia kibao baadaye. Ni dada wa mume wangu, fundi cherehani, na mtaa mzima unamwita Inchi kwa sababu hana kipimo kingine duniani. Mvua ikinyesha ukamuuliza imenyesha kiasi gani, atakwambia inchi mbili na nusu. Siku ya harusi yangu alitangaza mbele ya rafiki zangu kwamba kiuno changu kimeongezeka inchi moja tangu Jumanne. Sijasahau, wala sina mpango wa kusahau.

Lakini ya siku ya uchaguzi nitayasema yalivyokuwa, hata kama yanampa sifa.

Chanzo chake ni Mama, yaani mama mkwe wangu, aliyemzaa Inchi. Uchaguzi uliopita Mama alipanga foleni tangu alfajiri. Alipobakiza watu wawili tu kuifikia meza, wakaingia wahuni na marungu. Meza ikapinduliwa, makarani wakaruka madirishani, na foleni nzima ikapita juu ya Mama. Goti lake la kushoto halijarudi sawa mpaka leo, na kura hakupiga. Kwa miaka mitano, mtu akitaja tu neno serikali nyumbani kwetu, Mama anasema, "Mimi msiniulize, mimi nilikanyagwa tu."

Hiyo ndiyo iliyomfanya Inchi aombe kazi ya kusimamia kituo. Alitamka kwa kinywa chake: "Safari hii Mama atapiga kura, tena bila mtu kumgusa." Akapita kwenye usaili, akahudhuria mafunzo siku tatu, akarudi na kijitabu cha sheria ambacho wenzake walikitumia kujipepea. Yeye alikisoma. Alikisoma akishona, akakisoma akila, akanisomea na mimi niliyekwenda kwake kuchukua sketi yangu tu: kumtisha mpiga kura, kosa, kumtisha msimamizi wa kituo, kosa, kufanya kampeni ndani ya mita mia mbili, kosa, kuingia kituoni na nguo ya mgombea, kosa.

"Na kuchelewesha sketi ya mtu wiki tatu?" nikamuuliza.

"Hilo halimo," akasema, akafungua ukurasa mwingine.

Sasa hapo kwenye nguo ya mgombea ndipo penye mkasa. Miezi miwili kabla, mwenyekiti wa soko alimletea Inchi majora ya kitenge yenye sura ya mgombea wake, amshonee magauni ya kuwagawia wanawake wenye meza sokoni. Kazi ni kazi, akashona. Na kwa kuwa hajui kufanya jambo nusunusu, alikata kwa hesabu: sura moja kifuani, moja mgongoni, na moja kila mkono. Kitenge chenyewe kimechapwa pande mbili. Mwenyekiti alifurahi mpaka akampa mkono mara mbili. Hakuna aliyefikiria kwamba gauni lile halifichiki. Ukiligeuza ndani nje, mgombea yupo. Ukijifunika mtandio, mgombea anachungulia kwapani.

Wiki nzima Inchi alitangaza kila alipopita: jamani, magauni yale msije nayo kituoni. Mama, ambaye naye ana meza ya nyanya sokoni na gauni alishapewa, aliambiwa akiwa anachambua maharage, akaitikia, "Nimesikia." Nilikuwepo.

Siku moja kabla, alipima zile mita mia mbili kwa futi yake ya kupimia nguo, ile ya mita moja na nusu. Alichuchumaa kutoka mlango wa darasa la shule lililofanywa kituo hadi barabarani, mara mia moja thelathini na tatu na kipande, huku wapita njia wakimuuliza kama shule inashonewa suruali. Mstari ukaangukia katikati ya kibanda cha chai. Akauchora kwa chaki, akamwambia mwenye kibanda asiufagie.

Siku yenyewe ilipofika, saa mbili asubuhi foleni ilikuwa imeizunguka shule, na nusu ya wanawake waliokuwepo walikuwa wamevaa kazi ya mikono yake. Inchi akatoka na kitambulisho shingoni, akaanza kuwatoa mmoja mmoja. Looh! Kelele zake we acha tu.

"Si umenishonea mwenyewe hili?" muuza mkaa akamfokea.

"Nilikushonea uvae, sikukushonea uje nalo hapa. Nenda kabadilishe urudi, nafasi yako ipo." Akampa kikaratasi chenye namba ya foleni.

"Tena lenyewe linabana!"

"Halibani. Ulinitajia kipimo cha mwaka juzi."

Foleni ikacheka, muuza mkaa akaenda. Wengi wanaishi karibu, wakaenda wakabadilisha wakarudi, wakinung'unika tu.

Mwenyekiti wa soko alikuwa ameketi kwenye kibanda cha chai akitazama magauni yake yanavyoingia. Akaanza kuyaona yanatoka. Akaja kifua mbele, akaipita foleni nzima mpaka ndani mezani. Chumbani walikuwemo makarani wawili, mawakala wa vyama, na askari mmoja aliyekuwa akipambana na usingizi. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimepewa karatasi yangu ya kura, kwa hiyo niliyaona yote.

"Wewe fundi," akasema, kidole usoni mwa Inchi, "unawavua watu wangu nguo? Utanitambua. Na duka lako liko sokoni kwangu, usisahau."

Niseme kweli, nilimhurumia Inchi. Mama yake alikanyagwa chumba kilekile. Nikajua ataomba radhi yaishe. Yeye akavuta kitabu cha matukio, akafungua kalamu.

"Umesema 'utanitambua' au 'utanikoma'? Nataka niandike sawasawa."

Mwenyekiti akakodoa macho. "Nimesema nini?"

"Ndiyo ninayokuuliza. Halafu umetaja duka. Umesema utalifunga, utalivunja, au umelitaja tu?"

"Mimi... nimelitaja tu."

"'Amelitaja tu,'" akaandika, akitamka neno mojamoja kama anavyoandika vipimo vya mteja. "Saa tatu na dakika kumi. Kidole, inchi nne kutoka puani kwangu. Haya, weka sahihi hapa."

"Sahihi ya nini?"

"Kwamba ndivyo ulivyosema. Kumtisha msimamizi ni kosa la jinai, ukurasa wa kumi na moja. Usipoweka wewe wataweka mawakala, wamesikia wote. Hata wa kwako."

Wakala wa mgombea wake akainama akajitia anafunga kamba za viatu, na alivaa kandambili. Askari naye usingizi ukamruka. "Mzee, tutoke," akasema. Akamsindikiza mpaka kibanda cha chai, na hata huko Inchi alimrudisha askari akamwambie kwamba miguu miwili ya kiti chake iko ndani ya mstari. Mwenyekiti akasogeza kiti. Nilicheka mpaka nikasahau ninampigia nani.

Nilipomaliza nikakaa uani kumsubiri Mama, maana kwake ni mbali na mume wangu ndiye aliyekwenda kumchukua. Saa zikaenda. Kituo kilikuwa kifungwe saa kumi jioni. Aliyemo kwenye foleni saa hiyo atapiga, aliye nje ndiyo basi tena. Saa kumi kasorobo mume wangu akamfikisha langoni akarudi kazini kwake, nikamwona Mama anaingia na fimbo yake, na goti lake, na mtandio wake. Na gauni. Sura nne, zote zimepigwa pasi.

Inchi akatoka, akasimama mlangoni.

"Mama."

"Nini?"

"Si nilikwambia?"

"Uliniambia."

Mawakala wote walikuwa wametoa shingo dirishani kutazama kama sheria ina mama.

"Siwezi kukuingiza. Nenda kabadilishe," Inchi akasema, kwa maneno yaleyale aliyowaambia wengine. Kwenda na kurudi kwa goti lile ni zaidi ya saa nzima. Kila mtu pale alijua.

"Sitoki humu na nguo nyingine," Mama akajibu.

"Si mama yake huyo, ampitishe tu!" mmoja akapaza sauti kwenye foleni. "Sheria msumeno!" mwingine akamkata. Inchi akauma midomo, machozi yamemjaa, akageuka akarudi mezani kwake. Akamwacha mama yake amesimama juani! Nilimchukia dakika ile kuliko siku ya harusi yangu. Halafu nikauona mgongo wake unavyotikisika, nikashindwa kumchukia vizuri.

Nikamshika Mama mkono. "Twende chooni tubadilishane. Mimi nimeshapiga."

Mama akanitazama, kisha akatazama upande wa barabarani. "Na mtandio utauchukua? Ujifunike mpaka usoni?"

"Nitauchukua."

"Na fimbo?"

"Fimbo ya nini tena, Mama? Mimi mzima!"

"Uchukue fimbo, na uchechemee. Bila hivyo sivui."

Nikasema moyoni, wazee wana yao. Tukaingia kwenye choo cha shule, watu wazima wawili, kiwiko chake machoni kwangu, magoti yangu ukutani. Gauni la Mama lilinienea kabisa, jambo ambalo sitaki lijadiliwe.

Zilibaki dakika tano Mama alipoingia kwenye foleni na gauni langu la maua, ameshika bega la mtu wa mbele yake. Mimi nikatokeza na mgombea nisiyempenda hata chembe, yupo kifuani, mgongoni na mikononi, tena ndani ya mita mia mbili. Inchi akaniona kutoka mlangoni. Unadhani alisema asante?

"Askari! Mtoe huyo nje ya mstari, upesi!"

Wifi yangu huyo, jamani. Nikachechemea na fimbo, askari nyuma yangu, njia nzima. Kwenye kibanda cha chai mwenyekiti wa soko akainuka, akatia alama kwenye karatasi aliyokuwa ameishika.

"Safi sana, bibi! Nimekuona. Pole na goti."

Bibi! Mimi! Nina miaka thelathini na minne! Mkono uliniwasha na fimbo ninayo, lakini nilikuwa nimeahidi. Nikachechemea mpaka konani.

Mama alinifuata nyumbani kwangu jua bado liko juu, kidole chake chenye wino amekinyoosha kisiguse kitu. Nikamvaa hapohapo. "Sasa Mama, ushabiki gani huu wa kunivua nguo chooni?"

"Ushabiki?" Akaketi, akalinyoosha goti. "Yule alituita wote wenye meza. Akasema asiyeonekana na gauni siku ya kura, meza yake atapewa mwingine. Ana orodha, hukuiona? Nyanya zangu ningeziuzia wapi, chumbani kwako?"

"Kwa hiyo hukumpigia?"

"Niulize chochote, hata umri wangu. Kura yangu usiniulize."

Inchi alikuja kesho yake asubuhi, macho mekundu, kitambulisho bado kipo shingoni. Hata hajasalimia nikamwagia yote, ya meza na ya orodha.

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia ungeandika. Ungeandika, ningekosa meza kabla sijapiga."

"Nitaandika leo."

"Andika. Leo nimeshapiga."

Inchi hakukaa kwenye kiti. Alipiga magoti sakafuni mbele ya mama yake, yeye anayeogopa vumbi kwenye nguo. "Nilikufukuza mbele ya watu, Mama. Nisamehe."

"Ungenipitisha na lile gauni, wale wa dirishani wangesema kituo kizima ni cha mama yako, na kura yangu ingetupwa pamoja na za wenzangu. Ulifanya sawa."

Inchi akalia, analia kwa sauti kama mtoto, na mimi nisiyempenda nikajikuta nalia naye. Mama akamfuta uso kwa kile kiganja chenye kidole cheusi.

"Sasa unalia nini? Nimefika mezani, mwanangu. Hakuna aliyenisukuma. Safari hii nimefika mezani."