Kitanda cha Maharagwe

Sisi tulioanza shule kabla kaunti hazijazaliwa, tulijua dunia ina mipaka miwili tu: pale majani chai yanapoishia, na pale Mama aliposema ukipita utaniona. Kwetu kulikuwa karibu na Roret. Asubuhi ukungu, saa nane mvua, jioni ugali na isagek, ile mboga chungu, na maziwa ya kibuyu yenye harufu ya mkaa. Nyumbani tulikuwa watatu: Mama, mimi, na mdogo wangu Cherono.

Mchezo wetu ulikuwa brikicho, kujificha chini ya michai. Bingwa alikuwa Cherono, ambaye hakusikia hata radi. Wengine wakitafuta walitega sikio. Yeye aliangalia juu ya michai tu, akaona pale majani yanapotikisika, akaja moja kwa moja kukuchomoa kwa mguu.

Mimi na yeye tulikuwa na lugha yetu ya mikono. Hakuna aliyetufundisha. Kuchuma hewa kwa vidole viwili ni Mama. Kujigonga utosini konzi mbili ni mvua ya mawe, kimbia. Jina langu lilikuwa vidole viwili kwenye kiganja, mara mbili, kwa sababu nilihesabu kila kitu mara mbili: kuku, ngazi, viazi kwenye sufuria. Tabia hiyo niliirithi kwa Mama, aliyechuma chai na kuuza mboga sokoni, na hakuwahi kukubali neno la kwanza la mtu yeyote, hata daktari.

Shule ya karibu, Cherono alikaa darasa la kwanza miaka mitatu. Mwalimu alimpenda sana, maana alifagia vizuri na hakupiga kelele. Ndipo Mama akasikia kanisani kwamba kuna shule ya bweni ya viziwi upande wa Bomet. Wilaya nyingine. Akaenda na barua ya chifu. Barua ilithibitisha, kwa mihuri miwili, kwamba sisi ni wakaaji wa Kericho, yaani ilithibitisha kwamba hatustahili. Akaambiwa watoto wa wilaya hii kwanza. Akarudi muhula uliofuata, akaambiwa vitanda vimejaa.

Mara ya tatu alitubeba sote, nafikiri ili huruma iwe nyingi. "Huyu akikosa hapa," aliniambia njiani, "atafagia darasa la kwanza mpaka aolewe."

Mwalimu mkuu alikuwa mtu mpole aliyechoka. "Mama, si kwamba nakukatalia. Vitanda vya wasichana ni ishirini na vinne, wasichana ni ishirini na wanne. Nimlaze wapi?"

Mama akiendelea kumbembeleza, mimi nilienda kuchungulia bweni. Nikahesabu. Nikahesabu tena, kuanzia upande wa dirisha. Nikarudi ofisini nikasema bila kuulizwa: "Ni ishirini na vitano."

"Kile cha mlangoni si kitanda," mwalimu mkuu akasema. "Tunawekea magunia ya maharagwe yasishike unyevu."

Mama akamgeukia mpishi aliyekuwa ameingia na chai. "Na hayo maharagwe, ndugu yangu, ni ya wilaya hii?"

"Hapana, mama. Yametoka Nyamira."

"Mwalimu," Mama akasema polepole, "maharagwe ya Nyamira yamepata kitanda. Mtoto wa Roret amekosa nini?"

Mpishi alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye sinia. Mwalimu mkuu alijaribu kujizuia, akashindwa, akavuta daftari lake la majina. Godoro tulete wenyewe, na blanketi mbili. Mama, kwa mazoea tu, akaomba iwe moja. Wakaelewana: moja na shuka.

Sijawahi kujivunia hesabu kama siku ile. Nilijivunia wiki nzima, mpaka tuliporudi na godoro.

Lugha yetu ilikuwa na leo, kesho, uji, mvua. Haikuwa na muhula. Nilisimama kando ya kile kitanda, nikaweka kiganja shavuni: usingizi mmoja. Nikaweka tena: wa pili. Nilipofika wa kumi Cherono alicheka na kuanza kuniiga, akidhani ni mchezo mpya. Tulimwacha bado analala na kuamka, analala na kuamka, juu ya kitanda cha maharagwe.

Nyumbani nilicheza brikicho. Nilijificha vizuri kuliko siku zote, na wenzangu wakaenda zao bila kunipata. Mvua ya mawe ilinikuta chini ya mchai. Nilijigonga utosini konzi mbili, kisha nikakumbuka hakuna wa kumwambia akimbie. Jioni Mama alipakua sahani tatu. Nilihesabu mara mbili.

Likizo alirudi na mikono ya haraka, mikono yenye marafiki. Akanipa jina jipya la kishule. Nilijifunza nilichoweza, likizo baada ya likizo, nikibaki nyuma kama mtu wa darasa la kwanza.

Leo ana duka la kushona Nakuru, mume, watoto, na wateja wanaomngoja. Shule ile ilimpa maisha, na hapo sipunguzi hata kidogo. Mimi nauza mitumba Chepilat. Wanangu wawili wana masikio mazima, manne kwa jumla, na yote yamezibwa na vidude vya muziki. Chakula kikiiva inabidi niwatumie ujumbe. Ukiwatajia brikicho wanauliza inapatikana kwa simu gani. Jirani yangu anamtafutia binti yake nafasi ya shule kama ile, kaunti nyingine. Fomu anajaza kwa simu, jibu ni lile lile alilopewa Mama. Nimemwambia aende akahesabu vitanda. Yanayofuata baada ya hapo sikumwambia.

Jumapili Cherono alinipigia simu ya video. Mawingu yalikuwa yamejaa, mabati yakaanza kulia. Nikajigonga utosini konzi mbili. Akakodoa macho, akatabasamu, akauliza kwa ishara za shule: "Hiyo ni nini? Kichwa kinakuuma?"

Nikamjibu ndiyo, kidogo.

Enzi zetu lugha ile ilikuwa na wasemaji wawili dunia nzima. Baada ya simu nilihesabu. Nikahesabu tena, kuanzia upande wa dirisha. Ni mmoja.