Gari Yenye Haipakwe Rangi

Jirani yangu wa Majengo ananichosha. Tangu mwezi wa pili, kila asubuyi analoweka papie-vere, ile musasa, mu ndoo, anasugua kapo yenye inafunika injini ya taxi yake, ile yenye inalishaka watu munane mu nyumba, kisha anafunga macho na kupitisha mukono juu. Vidole vyake vimekuwa vyeupe na mastike ya kuziba mashimo ya bati. Hasalimie mutu. Jana nilishindwa kunyamaza.

"Papa, hiyo kapo iko laini kuliko uso wangu. Rangi ni siku gani?"

"Uso wako, nani ataiba?" Hakucheka.

Hapo jeep ya watu wa bunduki ikapita pole pole mbele ya parcelle, kiwanja chetu. Mukono wake ukasimama. Mumoja wao akaangalia ile gari ya mabaka mabaka, akatema mate, wakaenda. Gari ya mudogo wake, nyekundu ya kung'aa, waliichukuaga mu mwezi wa kwanza na yeye ndani. Mpaka leo hajarudi.

Muzee akaingia mu nyumba, akatoka na tournevis, bisibisi ya zamani, akaanza kukwaruza ile kapo.

"Ilianza kupendeza," akasema.