Mnavu wa Mama

Mwanangu, uliponiambia mchicha wako kule Elerai umekataa kuota, nilikumbuka asubuhi moja hapahapa chini ya Meru, nilipokuwa bibi harusi ambaye hata majina ya majirani hajayashika. Mkononi nilikuwa na kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani mlikuwa na mbegu za mnavu alizonifungia mama yangu kule Machame, muda mfupi kabla hajafa. Mbegu ndogo mno, ukipiga chafya umezipoteza, na sikuwa na nyingine.

Kwa kuzipenda, niliziogopea. Kuku wa mama mkwe walikuwa wanaparua kila kitu. Nikachimba shimo la kina cha kiganja, nikazimimina zote, nikafukia na kushindilia kwa kisigino. Nikalala nimeridhika kabisa.

Mvua kubwa zikaja, zikasomba udongo wa juu na kuusambaza bustani nzima. Mboga za wenzangu zikaota, yangu kimya. Mwishowe mama mkwe akaniuliza, "Ulizipandaje?"

"Nilizifukia vizuri, mama. Chini kabisa."

Akanitazama kwa huruma. "Basi hukupanda, mke wa mwanangu. Ulizika."

Akachuchumaa, akanionyesha. Hindi unalizamisha kina cha kidole, lina chakula chake cha njiani. Mbegu ya mnavu unaichanganya na mchanga, unainyunyiza juujuu kama chumvi, unaifunika kwa udongo mwembamba na nyasi kavu, basi. Tukatafuta lile shimo, lakini hata mahali penyewe sikupajua tena. Nililia, mwanangu. Niliona nimemzika mama mara ya pili, tena kwa mikono yangu.

Miaka ikapita. Nikazaa, nikalea, mama mkwe naye tukampumzisha. Mnavu nikawa nanunua soko la Kwa Mrombo, mzuri tu, ila sio ule. Ule wa mama majani yake mapana yana mshipa wa zambarau, na uchungu wake unabaki kooni.

Majuzi kitinda mimba wangu akachimba msingi wa jiko pale ilipokuwa bustani, udongo akaurundika kando ya ua. Mvua zikanyesha. Asubuhi moja natoka kumwaga maji ya vyombo, naona rundo limekuwa kijani. Nikadhani ni magugu. Nikainama, nikaona mshipa wa zambarau. Nikakaa palepale kwenye tope, nikatafuna jani.

"Mama, umeanguka?" kijana akaniuliza.

"Sijaanguka. Njoo uonje mboga ya bibi yako."

Wapo wanaosema ni ndege tu waliozileta. Sawa, wana haki yao. Mimi ule uchungu naujua. Zilikuwa chini mle gizani wakati wote nikiwalea nyie, zikingoja. Nani alizishika mkono zisife?

Kwa hiyo chukua hizi kidogo, za mnavu uleule. Zinyunyize juu, uwafukuze kuku mwenyewe. Usikifukie chini mno unachokipenda kwa kuogopa kukipoteza. Kiache karibu na mwanga. Na kama umeshakosea, usikate tamaa na udongo wako, upindue.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu. Na chochote ulichokwisha kukizika kwa kutojua, akufukulie ungali hai ukione.