Mkurugenzi Aliyeshona Lumbesa

Kavinya Kiema alikuwa amebadilisha viatu mara tatu, na bado haijafika saa mbili asubuhi. Alitoka nje ya nyumba yake pale Sofia, mjini Voi, akaangalia barabara kana kwamba kuna mtu anayemtarajia, akarudi ndani, akasoma ile karatasi tena. Binti yake Nduku, aliyekuwa akimalizia chai aende kazini, alimwambia, "Mama, hebu keti. Unanipa kizunguzungu." Alikaa. Kabla kikombe hakijapoa alikuwa amesimama tena.

Karatasi yenyewe ilikuwa ukurasa mmoja uliochapwa kutoka kwenye tovuti ya kampuni ya Bei Kamili, ule wenye picha za wakurugenzi na maelezo ya kazi walizofanya maishani. Bei Kamili ni kampuni ndogo ya teknolojia. Mkulima anaandika jina la zao kwenye simu yake, na simu inamjibu bei ya siku hiyo katika masoko ya Njukini, Taveta na Voi. Aliyeianzisha ni Derrick, kijana aliyesomea kompyuta akarudi nyumbani badala ya kuzurura Nairobi, na kwa hilo mimi namheshimu. Bodi ina wakurugenzi watano. Derrick mwenyewe ni mmoja. Mwenyekiti ni Bwana Donald, mtu wa Mghange, aliyefanya kazi benki miaka thelathini na moja. Yuko Cynthia, wakili. Yuko Injinia Tom, aliyesimamisha minara ya simu huko kote mpaka mpakani. Na wa tano ni Kavinya, kwa sababu kikundi cha akina mama wa vitunguu anachokiongoza kilinunua hisa na kupewa kiti kimoja.

Chini ya picha yake paliandikwa hivi: "Bi. Kavinya Kiema, mtaalamu wa ufungashaji na usafirishaji wa mazao ya shambani, mwenye tajriba ya miaka kumi na minne."

Tuseme ukweli, maneno hayo yalimpendeza. Mwaka juzi, yalipotoka mara ya kwanza, aliyaonyesha watu kanisani. Hakuyatunga yeye. Sharon, msichana wa mawasiliano wa kampuni, alimuuliza kabla ya biashara alikuwa akifanya nini, naye akajibu kwamba alikuwa kwa mambo ya magunia, soko la Njukini. "Yaani kufungasha mazao?" Sharon akauliza. "Eeh, kufungasha," Kavinya akasema. Miaka mingapi? Kumi na minne. Basi. Kila neno lilikuwa kweli, na bado alijua amevishwa kilemba cha ukoka, naye akakipokea kwa mikono miwili.

Maana kazi aliyoifanya Njukini ni kushona lumbesa. Kama hujawahi kuuza kitu sokoni, nitakueleza. Gunia la vitunguu likijaa mpaka mdomoni, hilo ni gunia. Lakini broka, yule mnunuzi wa kati, halitaki hivyo. Anataka uchukue kipande kingine cha neti, ukishone juu ya mdomo kwa kamba ya katani, uendelee kujaza mpaka litokeze nundu kama ya ng'ombe. Hiyo ndiyo lumbesa. Mkulima ametoa karibu gunia na nusu, na analipwa gunia moja. Serikali imeikataza miaka nenda miaka rudi, na miaka nenda miaka rudi watu wanashona. Kavinya alikuwa na mkono mwepesi kuliko wanawake wote pale. Mabroka walimtafuta kwa jina, Kavinya wa Sindano, kwa sababu nundu yake haikupasuka njiani hata lori lirushwe namna gani. Sindano hiyo ndiyo iliyomsomesha Nduku. Na kila aliposhona, mwenye shamba alikuwa amesimama kando akitazama vitunguu vyake vikipanda juu ya mdomo wa gunia. Kavinya alijifunza kutomtazama usoni.

Kwa hiyo siku ya kikao chake cha kwanza cha bodi, Derrick alipowasha projekta, ukutani pakatokea "Vitunguu, Njukini, gunia moja" na bei yake, Kavinya aliisoma mara mbili. Gunia gani? Swali lilimfika mpaka kwenye ulimi. Lakini wale wote walikuwa wametoka kujieleza, benki, mahakama, minara, na yeye ametajwa mtaalamu. Angeuliza, wangemuuliza anajuaje. Akalimeza. Mwaka ukapita, na mwingine.

Mabroka si wajinga. Waliipenda Bei Kamili kuliko wakulima walivyoipenda. Zamani mkulima alikuwa anabisha, anasema kama unataka nundu basi ongeza kitu, wanavutana mpaka wanaelewana. Siku hizi broka anamwonyesha simu yake mwenyewe: gunia ni bei hii, si ndiyo kampuni yenu imesema? Mkulima ananyamaza. Halafu gunia linashonwa nundu. Kavinya aliyasikia haya sokoni Voi, mahali anapouza vitunguu vyake, na kila mara alijiambia atayasema kikao kijacho.

Jumapili iliyopita mdogo wake Koki alimpigia kutoka Mahoo, upande wa Taveta. Koki ni mjane, ana robo tatu ya ekari, na mwaka huu vitunguu vilimkubali vizuri kuliko mwaka wowote. Alisema lori litakuja Alhamisi asubuhi. Mtoto wake wa kwanza ameitwa chuo, na vitunguu hivyo ndivyo karo. "Dada, nimeangalia bei yenu," alisema, na sauti yake ilikuwa na furaha. Kavinya akaanza, "Koki, kuhusu hilo gunia..." Kisha akasita. Ataanzia wapi? Amwambie mdogo wake kwamba bei yetu ina tundu, na mimi nililijua tangu siku ya kwanza? Alhamisi ndiyo siku ya kikao. Alijiambia ni afadhali alimalize pale, rasmi, kwa faida ya wakulima wote. "Kuhusu hilo gunia nini?" Koki akauliza. "Hakuna," akasema. "Tutaongea."

Tangu hapo hakupata raha. Alipika ugali ukaungua. Alihesabu chenji akampa mtu asiye mwenyewe. Na Alhamisi ndiyo hii, viatu mara tatu.

Ofisi ya Bei Kamili iko ghorofani, juu ya duka la mabati. Alifika mapema mno, akashuka, akazunguka mpaka kituo cha mafuta, akapanda tena. Ndani walikuwa wamekaa wote, na mgeni pamoja nao: Everlyne, mama mtaratibu kutoka kampuni moja ya Nairobi iliyotaka kuipeleka huduma hii Pwani nzima. Alikuwa na nakala ya ukurasa ule mbele yake, ameupigia mistari.

"Teknolojia nimeiona, ni nzuri," Everlyne alisema. "Leo nimekuja kuona watu. Nataka kila mkurugenzi anieleze mwenyewe alikotoka kikazi, na hiyo kazi inaisaidia nini kampuni."

Bwana Donald alianza, taratibu kama anayesoma somo kanisani. Akafuata Cynthia, kisha Injinia Tom, ambaye akizungumza minara huwa hana breki. Kavinya hakusikia hata nusu. Chini ya meza kidole gumba chake kilikuwa kikisugua sugu ya kidole cha shahada, ile iliyobaki ingawa miaka mingi imepita tangu alipoacha sindano. Aliangalia saa ya ukutani. Saa nne na robo. Aliwaza lori limefika Mahoo, au liko njiani, au limeharibika Maktau, na alitamani liwe limeharibika.

"Bi Kavinya," Bwana Donald akasema. "Karibu."

Alisimama, ingawa wenzake walikuwa wamesema wakiwa wameketi. Alikuwa amekariri. Alifungua mdomo aseme mtaalamu wa ufungashaji, na neno likakataa kabisa kutoka.

"Mimi nilikuwa nashona lumbesa," alisema.

Injinia Tom alicheka kidogo, akidhani ni utani, kisha akaona uso wake akaacha. Kavinya aliendelea. Aliwaeleza kila kitu, neti, kamba ya katani, nundu, mabroka. Alieleza jinsi bei ya gunia iliyo kwenye simu inavyotumika kununulia lumbesa, na jinsi mkulima alivyonyang'anywa hata ule ubishi wake mdogo. Aliongea haraka, anaruka mambo, anarudi. Alisema kitu pekee cha kufanya ni kutaja bei kwa kilo na kupeleka mizani, na kwamba mtu yeyote aliyewahi kushika gunia angewaambia hivyo siku ya kwanza. Alipomaliza, akaketi.

Cynthia alikuwa anaandika. Everlyne aliuangalia ukurasa wake, akaugeuza, akauweka kifudifudi mezani. "Huyu ndiye mtu niliyekuwa namtafuta humu," alisema polepole. "Lakini sijui kwa nini ilinibidi nimtoe kwa swali."

Derrick hakumtazama mgeni. Alimtazama Kavinya, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyepigwa. "Mama Nduku," alisema, "wewe ulijua lini?"

Angeweza kusema mwezi jana. Hakuna ambaye angempinga. "Kikao cha kwanza," alisema. "Niliona aibu. Na nyinyi mlikuwa na kazi nzurinzuri."

Bwana Donald alivua miwani. Alisema ukurasa ubadilishwe leo hii, na bei ya gunia iondolewe kwenye simu mpaka kilo ziwe tayari. Halafu akaongeza kwamba yeye mwenyewe ni mtoto wa mkulima wa Mghange, amewahi kubeba magunia ya baba yake, na katika miaka miwili hakuwahi kuuliza ni gunia gani. Hakulisema kwa kumfariji Kavinya. Lilimuuma tu, akalisema.

Kavinya aliomba ruhusa, akatoka mpaka kwenye ngazi, akampigia Koki. Simu iliita, ikakatika, akapiga tena. Alikuwa tayari na maneno: usiuze, walazimishe wapime kwa kilo, wakikataa waende zao, nakuja na gari la mchana.

"Dada," Koki akapokea, kwa sauti ya mtu aliyechoka lakini ametulia. "Nilikuwa nataka kukupigia. Wameshaondoka. Tumepakia tangu saa moja."

"Wameshona?"

"Wameshona, eeh. Nundu kubwa kweli. Nilifikiri yatafika magunia arobaini, yamekuwa ishirini na saba." Akaongeza: "Jirani yangu hapa aliniambia nikatae, nibishane nao. Nikamwambia hapana. Bei imetoka kwa kampuni, na kwenye kampuni yuko dada yangu, na dada yangu hakuna asichokijua kuhusu gunia."

Kavinya aliketi kwenye ngazi.

"Kwa hiyo sikubishana," Koki akasema. "Dada? Uko?"