Kiti cha Tatu Chumbani kwa Mshauri

Niliacha shule darasa la sita, lakini kusoma sikuacha. Nilisoma magazeti yaliyofungiwa maandazi, mifuko ya mbolea, karatasi za dawa. Kwa hiyo Jumanne ya kwanza nilipokalishwa mbele ya mshauri wa saikolojia, niliyasoma maswali kwenye karatasi yake, yakiwa juu chini kwangu, kabla hajaniuliza. La kwanza lilikuwa: "Nani alikuumiza?"

Hakuna aliyeniumiza. Nilikuwa nimerudishwa nyumbani Ringwani kutoka machimbo ya Tarime, ambako wakati wa rashi, watu walipoikimbilia dhahabu, nilihama shimo hadi shimo nikiponda mawe. Huko nilikaa miezi minane chumba kimoja na mwanamke mwenzangu niliyempenda. Mtu wa kwetu alituona, akamwambia mama. Mama alinifuata na kaka zangu wawili, kwa pikipiki mbili. Mwenzangu aliniambia angenisubiri mpaka mvua zianze. Mashimo yakijaa maji watu hutawanyika, na yeye hakuwa na simu.

Nyumbani sikuruhusiwa kwenda popote peke yangu mpaka mshauri aandike kwamba nimepona. Alikuwa mwanamke mpole wa makamo, aliyekuja kila Jumanne kwenye chumba nyuma ya kanisa. Chumba kilikuwa na viti viwili. Mama alibeba cha tatu kutoka nyumbani, akakiweka mlangoni.

"Baba yako alikuwa anakupiga?" mshauri aliuliza.

"Alitupiga wote. Kaka zangu nao walipigwa, na wameoa wanawake."

"Jibu vizuri, we mtoto," mama alisema.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne.

Jumanne ya nne mawingu yalikuwa yameshuka. Nilikuwa nimeipanga hoja yangu wiki nzima nikipalilia mihogo.

"Yule bibi wa ng'ambo ya mto ana mke," nilisema. "Naye ni mgonjwa? Mbona hamumleti hapa?"

Kwetu kila mtu anaijua nyumba ntobhu. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe, akaoa msichana, na msichana humzalia warithi kwa mwanamume atakayechaguliwa.

"Ile ni mila," mshauri alisema. "Wale hawapendani."

"Kumbe ugonjwa ni kupenda?"

Aliweka kalamu chini. Nilidhani nimeshinda. Kisha mama akasogea mbele, na uso wake ulikuwa umechangamka kwa mara ya kwanza tangu anirudishe.

"Mshauri, huyu amesema jambo. Yule bibi anatafuta mke wa pili."

"Mama, mimi sikusema hivyo."

"Si unataka mwanamke? Mwanamke huyo hapo. Na wajukuu nitapata. Ukoo wake si wetu, hakuna kizuizi."

Nikipona, ningetafutiwa mwanamume. Nisipopona, ningeolewa na kikongwe, na mwanamume angeletwa vilevile. Nilimkumbuka yule mke wa kwanza. Nilikuwa nikimwona mtoni, mdogo kuliko mimi, mtoto mgongoni na mwingine tumboni, akijaza ndoo bila kuinua macho. Hakuna aliyewahi kumletea kiti. Lile swali la kwanza, nani alikuumiza, lilikuwa lake, na karatasi ilikuwa imekosea mtu.

"Naomba mama atoke nje," nilimwambia mshauri. "Dakika tano tu. Kuna neno nataka kukwambia."

Mshauri alimtazama mama.

"Mimi sitoki," mama alisema, akashika kiti kwa mikono miwili. "Kiti ni changu."

Mshauri alichukua kalamu. Nilisoma herufi moja moja zikiwa juu chini: *Familia imepata suluhisho.*

Tone la kwanza liligonga bati, kisha mengi. Mvua zilikuwa zimeanza. Mama alijitwika kiti kichwani asilowe, akanisukuma kidogo begani ili nitangulie, mahali anaponiona.