Vitesi kwa Mkono wa Kushoto

Nikiulizwa kosa kubwa kuliko yote la watengenezaji wa magari, sitataja moshi wala bei ya vipuri. Nitasema ni kushindwa kukubaliana usukani ukae upande gani. Wote walikubaliana tairi iwe duara, hawakugombana. Lakini usukani, wengine huku, wengine kule, na anayeumia ni mtu aliyevuka mpaka. Sisi tuliotoka Kivu ya Kusini tulikuta barabara za Uganda zimegeuzwa kama shati lililovaliwa nyuma mbele.

Hayo ni maoni yangu, na ninayo mengi. Mimi ni mkulima wa mahindi na maharage huku Rubondo, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, mwimba sauti ya pili kanisani, na magari ndiyo ugonjwa wangu. Niliolewa na dereva wa lori wa njia ya Uvira na Bukavu. Wasichana wenzangu walisifu mabega yake. Mimi nilimpendea jinsi alivyobadilisha gia, vitesi kama tunavyosema kwetu, kwenye kona za milimani bila mzigo kutikisika.

Magari ya otomatiki siyapendi kabisa. Unakaa tu, gari linakuamulia, halafu unashuka unajiita dereva. Wala siamini namba za kilomita za magari yaliyotumika yanayoletwa kutoka Japani. Unakuta pedali imelika hadi chuma kinaonekana, lakini dashibodi inaapa kwamba gari lilikuwa likienda kanisani tu, siku ya Jumapili. Mimi siangalii namba, naangalia pedali. Na mashindano ya magari yalipokuja Mbarara, nikaenda kusimama kwenye vumbi na wenzangu, kila mtu alimpigia makofi dereva. Mimi nilimpigia yule wa pembeni, anayeinamisha kichwa na kumsomea dereva kona. Bila yeye yule shujaa angeishia kwenye shamba la matoke. Wenzangu waliniambia nimechanganyikiwa, nami niliwaambia wao hawajui kutazama.

Basi, mume wangu tangu tulipokimbia vita hakushika usukani wa lori tena. Alishika jembe, na alilichukia waziwazi. Alilima kwa bidii, lakini alilima kama mtu anayesubiri gari. Mwaka hadi mwaka maneno yake yalipungua, hadi ikawa jioni tunakula na nasikia kijiko tu. Hilo liliniuma kuliko njaa.

Ndipo mfanyabiashara mmoja wa mahindi kutoka upande wa Isingiro akanunua lori la Kijapani, akaja kutafuta dereva. Alikuwa mwanajeshi mstaafu, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambi ya Makenke, kifupi na cha amri.

"Alhamisi wewe naendesha mimi mpaka Mbarara, na mzigo," alimwambia mume wangu. "Kama mzuri, kazi iko. Kama mbaya, mimi natafuta mtu ingine."

Leseni ya Uganda mume wangu alikuwa nayo. Aliipata Mbarara kwa kufanyiwa mtihani kwenye kigari cha otomatiki, ambacho hata mbuzi akifungwa mkanda angekifikisha sokoni. Lori lile lilikuwa na gia za kweli, tena upande wa kushoto wa dereva. Kwetu dereva hukaa kushoto na kubadilisha gia kwa mkono wa kulia, na mkono wake wa kulia ulikuwa bingwa. Wa kushoto ni mkono ambao kwetu humpi nao mkubwa kitu. Haukuwa umefundishwa chochote cha heshima.

Tulikuwa na siku chache. Niliazima benchi kanisani, nikampa kifuniko cha sufuria kiwe usukani, nikachomeka mpini wa jembe ardhini kushoto kwake uwe gia. Mimi nilikaa kushoto zaidi na kumtajia vilima.

"Mulima! Weka vitesi ya pili!"

Mkono wake wa kulia uliruka na kushika hewa.

"Ule mwingine, baba!"

"Ule mwingine ni mujinga," alisema. "Hausikie."

Kila aliposhindwa, mimi nilisogeza mpini kwa mkono wangu wa kulia ili tusikwame mlimani, naye alikanyaga ambreyaji, yaani klachi, isiyokuwepo. Tulizoea hivyo bila kukusudia. Wanawake waliotoka bombani na madumu ya maji walisimama njiani.

"Mama, bwana yako iko mugonjwa?"

"Hapana, tuko tunaenda Mbarara."

"Basi mutuletee chumvi!"

Alhamisi nilijifanya nina magunia yangu ya kuuza, nikaomba lifti. Yule bosi alinitazama. "Nyabo, wewe kaa hapa katikati," alisema, akachukua dirisha la kushoto.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Barabara ya vumbi haina kulia wala kushoto, kila mtu hufuata palipo na mashimo machache, na kwa mashimo mume wangu ni profesa. Mkono wa kushoto ulijikongoja, gia zikalia kidogo, lakini ziliingia. Nilianza hata kupumua. Kisha, tukipanda kilima kabla ya Mbarara, ng'ombe wenye pembe ndefu wakaingia barabarani kwa raha zao. Mume wangu akakata mwendo, lori likaanza kuguna, ilibidi gia ishuke mara moja. Mkono wake wa kulia ukaruka, ukashika mpini wa dirisha, ukauzungusha kwa nguvu zote. Kioo kikashuka. Vumbi likaingia. Lori likaanza kutafuta nyuma.

Lakini mguu wake ulikuwa umekanyaga ambreyaji, maana mguu hausahau. Nilishika gia, nikaitia ya kwanza. Akaachia. Tukapanda.

Ng'ombe wa mwisho akapita. Mkono wangu ulikuwa bado kwenye gia kwa sababu sikujua niupeleke wapi. Bosi aliutazama.

"Sasa nani naendesha hii gari?"

Nilijua kila kitu kimeharibika. Mume wangu angeweza kutunga uongo. Hakutunga.

"Ni siye wote, patron. Miye niko na macho na miguu. Mukono ni ya bibi yangu."

Yule mstaafu alicheka hadi akapiga dashibodi kwa kiganja. Alicheka hadi mjini. Tuliposhusha mzigo alisema, "Haya. Mtakuja wote. Lakini nalipa mtu moja."

Hivyo ndivyo tulivyoendesha lori lile, Rubondo hadi Mbarara, na msimu ukiwa mzuri hadi Kikagate mpakani. Yeye alikanyaga, mimi nilibadilisha. Hatukuambiana lini. Nilisikiliza injini, naye alinisikia nikisikiliza. Bosi alisafiri nasi kwa muda, kisha akaacha; nadhani maoni yangu juu ya otomatiki yalimchosha. Mume wangu alirudi kuongea. Aliongea njiani, aliongea mezani, aliwasema madereva wengine wote wa Mbarara. Sijawahi kuwa na furaha kama ile tangu tuingie Uganda.

Siku moja tukirudi, njia inapanda, nilisikia injini ikipungukiwa. Nilipeleka mkono kwenye gia na kukuta mkono wake wa kushoto umeshafika, umetulia, umemaliza kazi. Hakunitazama. Aliitabasamia barabara.

"Umeona?" akasema.

"Nimeona!"

Nilipiga makofi, nikaimba, nikampiga begani. Kisha nikarudisha mkono pajani.

Safari iliyofuata kwenye kiti cha katikati alikaa mpakiaji wa magunia, kwa sababu mpakiaji alihitajika na mimi sikuhitajika tena. Hakuna aliyenifukuza. Nilikuwa shambani na jembe nilipolisikia lori likipanda kutoka Rubondo. Alichelewa kidogo kushusha gia. Nilisimama na mkono wangu wa kulia umenyooka mbele, katikati ya maharage, mpaka mlio ulipoisha.