Dubu Tuliyemzeesha

Wenzangu wa benki wakiniuliza Jumamosi huwa napotelea wapi, nawaambia ukweli: naenda kushona dubu. Wanacheka hadi machozi. Mama mzima, mwenye kazi ya maana, mwenye watoto wanaosoma Nakuru, anakaa mkekani Juba kumjaza pamba dubu wa kitambaa! Wacheke tu. Hawajawahi kumgeuza dubu, ndani ikawa nje, wakaona masikio yakichomoza moja baada ya jingine. Mimi mpaka leo hupiga kelele yakichomoza. Sijui kukaa kimya nikifurahi, na sitaki kujifunza.

Tunakutana Hai Malakal, uani kwa haboba. Haboba ni nyanya kwa Kiarabu cha Juba, na huyu wetu mtaa mzima humwita hivyo, hata wanaomzidi umri. Kazi yake ni kujaza pamba. Ana kijiti chake cha kusukumia, na hamwazimi mtu. Wa pili ni mpishi wa hoteli, Mkenya mwenzangu, jitu la miraba minne ambalo ukikutana nalo njiani utavuka upande wa pili. Huyo hashoni sana, yeye ni mkusanyaji. Jumamosi asubuhi huwa sokoni Jebel akisubiri mitumba ifunguliwe, kwa kuwa katikati ya nguo za watoto kutoka ng'ambo hujificha dubu. Akimpata, tunasikia boda ikipiga honi tangu mbali, naye yuko nyuma amemkumbatia mgeni wetu kifuani. Sote tunatupa sindano na kukimbilia langoni. Tunamgeuza, tunamnusa, tunamzungusha mikono tuone kama ana viungo. "Macho ya kioo! Jamani, ya kioo!" Siku moja niliacha kiatu njiani kwa zile mbio, na mbwa wa jirani akafaidi.

Wa tatu ni mimi. Wa nne ni fundi, na bila yeye tungekuwa watu wanaopenda dubu tu, wasiojua kuwatengeneza. Ana cherehani yake mtaani Lemon Gaba, wiki nzima hushona sare za shule. Alikulia kambi ya wakimbizi Uganda kabla ya kurudi nyumbani. Ndiye aliyetufundisha kukata uso wa dubu kwenye blanketi la manyoya, na ndiye aliyetuwekea sheria zetu mbili. Ya kwanza: kabla mgongo wa dubu haujafungwa, lazima azunguke mkekani, kila mtu atie kipande cha pamba na kumtakia mema atakayempokea. Ya pili: mshono uliolegea hautoki uani. Hiyo ya pili tumeishika kuliko tunavyoshika amri za kanisani.

Basi Jumamosi moja fundi alikuja, akakaa, wala hakugusa sindano.

"Dada yangu anakuja," akasema.

Haboba akapiga kigelegele. Mimi nikaruka. Dada mtu tulimjua kwa sauti tu, kupitia simu. Ndiye aliyemlea fundi baada ya mama yao kufariki kambini, kisha akaolewa hukohuko Uganda na kubaki. Simu zake zote zilianza namna moja. "Dubu iko?" anauliza. Fundi anajibu, "Iko," halafu ndipo habari nyingine zinafuata. Tulizipenda sana simu zile. Tulijua kwamba kambini walikuwa na dubu mmoja, wakilala naye wawili, na kwamba fundi aliporudi Juba na familia ya mjomba wao, akiwa bado msichana wa shule ya msingi, dada mtu alimkabidhi dubu yule amtunze. Mpishi alikuwa amemsihi fundi mara nyingi amlete tumwone. Fundi hakukosa sababu: leo kuna mvua, leo yuko sandukuni, leo funguo zimepotea.

"Sasa tutamwona kwa macho yetu!" nikasema.

Fundi akajifunika uso kwa leso.

"Dubu hakuna," akasema. "Ilipotea njiani tukirudi. Mimi nilidanganya yeye miaka yote hii. Sasa iko anakuja. Kitu ya kwanza ataniuliza hiyo. Mimi najua dada yangu, akijua nilidanganya, atakata mimi kabisa. Na mimi sina mtu mwingine."

"Malesh, biniya," haboba akasema, pole binti, akamvutia kwake.

Mtu mwenye busara angemshauri aseme ukweli, yaishe. Lakini mkekani hapakuwa na mtu wa namna hiyo. Mpishi alikuwa tayari ananitazama, nami namtazama, na nikaona kwamba wazo limetuingia wote wawili kwa pamoja. Tulikuwa tumetengeneza dubu wapya, tumetibu dubu wazee, lakini kumtengeneza dubu aliye mzee tangu kuzaliwa! Hilo hakuna aliyewahi kutuomba.

"Mama, alikuwa anafanana vipi?" mpishi akauliza, taratibu kabisa, kama daktari.

Fundi akashusha leso. Alikuwa wa kahawia, akasema. Jicho moja kifungo cheusi, la pili kifungo kikubwa zaidi, kwa sababu lake la asili lilipotea wakatafuta jingine. Pua imeliwa. Tumbo limebonyea. Sikio la kushoto lilikuwa limelegea, linaning'inia. Alivyokuwa akieleza ndivyo alivyokuwa akichangamka, na alipofika miguuni mkono wake mwenyewe ulikuwa umeshashika mkasi.

Wiki zile sikuwa mtu. Nilikuwa nahesabu pesa za wateja huku nikiwaza pua. Mpishi alipata blanketi la kahawia Jebel, la aina ya zamani lenye manyoya mafupi, akaja nalo akiimba. Fundi akakata. Dubu aliposhonwa, mpishi akamchukua hotelini, akapika sufuria ya chai kali kuliko anayoiweza binadamu, akamlowesha humo, akamwanika juu ya mabati. Jua la Juba halihitaji kufundishwa kazi: alirudi amepauka kichwani na mabegani, sawasawa na mtu aliyesafiri juu ya mizigo. Haboba akamning'iniza karibu na moshi wa jiko, kisha akampaka mafuta ya lulu, yale ya kupikia na kujipaka, na kumfuta, na kumpaka tena. Akawa ananuka nyumba. Mimi nilipewa pua. Nilikaa kwangu kila jioni namsugua kwa mswaki, nikitazama taarifa ya habari, mpaka manyoya yakaisha na kitambaa kikang'aa kama mahali palipobusiwa na watoto. Nilijisifu mno. Nilimpigia mpishi simu kumwambia tu kuhusu pua.

Na nikiwa naye pale kwangu, nikaliona lile sikio la kushoto. Fundi alikuwa amelilegeza kwa makusudi, kama alivyolikumbuka. Nililitazama siku ya kwanza nikavumilia. Siku ya pili mkono ukaanza kuniwasha. Ndugu msomaji, kama hujawahi kushona huwezi kunielewa. Nilitia mshono mmoja tu, mdogo, kwa ndani. Nani angejua?

Kabla ya kufungwa mgongo tulimzungusha, kila mtu akatia pamba yake. Haboba alimtakia dada mtu safari njema. Mpishi alimtakia vivyo hivyo, akatia pamba mara mbili. Fundi alishika kipande chake muda mrefu, akasema, "Anisamehe, hata kama hajui," kisha akakisukuma ndani. Tukamfunga.

Siku ya mgeni tulikuwa uani tangu asubuhi, roho juu. Mpishi alileta sambusa. Fundi alikwenda stendi ya mabasi, na aliporudi alikuwa na mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye vumbi la njia nzima na kicheko kama cha fundi, ila kikubwa zaidi. Alitusalimia mmoja mmoja kwa mikono miwili. Alikuwa anatujua wote. Alijua hata habari ya kiatu changu na mbwa. Nilimpenda papo hapo, na ndipo nikaanza kuogopa.

Alikunywa maji, akafuta midomo.

"Dubu iko?"

"Iko," fundi akasema. Akaingia ndani, akamtoa.

Dada mtu akampokea, akaguna kwa furaha mpaka mpishi akanifinya. Akamnusa kichwani. Akafumba macho. Akagusa kifungo kidogo, kisha kile kikubwa. Akaipitisha kidole gumba ile pua niliyoisugua, akatabasamu. Tulikuwa tumeshinda! Nilitaka kupiga mayowe. Halafu, bila kufikiri, kama mtu anayepapasa swichi ya taa nyumbani kwake, akapeleka kidole kwenye sikio la kushoto ili alizungushe.

Sikio halikwenda.

Akajaribu tena. Akafumbua macho.

"Mimi sikuwa nalala bila kuzungusha hii sikio," akasema. "Ililegea kwa kidole yangu. Hii haitembei." Akalikunja sikio, akatazama shina lake juani. "Na mishono hii si ya mtu mmoja. Hii ni ya nani?"

Ujanja wa nyani huishia jangwani, na sisi tulikuwa tumefika katikati yake. Haboba ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinua mkono. Alikuwa ameona sikio linaning'inia pale jikoni, akasema, akamwonea huruma. Nikainua wangu. Mpishi, na ukubwa wake wote, akainua kidole kimoja kama mtoto wa chekechea. Kila mmoja wetu alikuwa amejificha na kutia mshono mmoja tu. Wa mwisho kuinua mkono alikuwa fundi mwenyewe.

Siku nyingine yoyote tungecheka mpaka tukagaragara. Hata dada mtu mdomo ulimcheza kidogo. Kisha akamgeukia mdogo wake, na kicheko kikaisha.

"Yetu iko wapi?"

"Ilipotea. Kwa lori, tukirudi."

"Kwa nini ulisema iko? Miaka yote! Mimi nakaa kule, natafuta airtime, nauliza, wewe unasema iko!" Alikuwa amesimama. Alikuwa na hasira kweli, na nilimwona fundi akijikunja kama mtu anayesubiri mlango ufungwe. "Ungesema imepotea! Dubu ni kitambaa! Ungesema imepotea, basi!"

"Ningesema imepotea, ungeuliza imepotea namna gani."

"Imepotea namna gani?"

Fundi alikuwa anatazama mikono yake.

"Lori ilisimama porini. Mimi nilishuka kwenda haja. Dubu niliacha juu ya mizigo, ilinde nafasi yangu. Nikarudi, lori hakuna. Dubu ilienda na wao. Si dubu ilipotea, dada. Mimi ndiyo nilipotea."

Tulikuwa tumekaa na mwanamke huyu Jumamosi zote zile, tukacheka naye, tukakata naye nyuso za dubu, na hatukujua.

"Mjomba alifikiri niko kwa lori ya pili," fundi akaendelea. "Waliponipata, dubu haikuwako tena. Mjomba akasema nisikwambie, utasumbuka bure, uko mbali. Nikasema ukiuliza mimi nilifika namna gani, nitakwambia. Lakini wewe uliuliza dubu. Kila simu, dubu."

Dada mtu alisimama hivyo hivyo. Mimi nilishika mkono wa haboba, na machozi yalikuwa yananitoka bila aibu, na mpishi alikuwa amegeukia ukuta. Nikanyanyuka kimyakimya ili tuwaachie nafasi, ndugu wawili na mambo yao.

"Kaeni," dada mtu akasema bila kututazama. "Nyinyi mmeshona pamoja na yeye. Msikie pia."

Tukakaa. Akamweka dubu wetu chini mkekani, polepole, kichwa kikielekea kivulini. Akavua viatu, akavisukuma kando. Kisha akaketi mbele ya mdogo wake, magoti yao yakigusana, akamshika mikono yote miwili.

"Sasa sema," akasema. "Anza pale lori iliondoka."